Wati Tano Zinatosha: Mhadhara wa Spika za Honi, Kisumu

Hamjambo wote. Wale wamesimama mlangoni ingieni, viti viko huku mbele na hakuna mtu ataitwa kufanya hesabu ubaoni. Leo ni spika za honi za kujitengenezea, yaani boksi la mbao lenye njia ya hewa inayopanuka kama tarumbeta, zile za koni moja tu ndani, hakuna twita ya sauti za juu hakuna wufa ya besi, koni moja inabeba kila kitu kutoka besi mpaka kayamba. Lakini wacha nianze na wati, kwa sababu najua wengi wenu mmekuja na wati kichwani.

Ukienda Kibuye kuulizia sistimu, kitu ya kwanza utaonyeshwa ni namba kwa boksi, wati elfu ngapi sijui. Hiyo namba haikusaidii. Uliza hivi: spika ikipewa wati moja, nikiwa mita moja mbele yake, inatoa desibeli ngapi, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti? Spika nyingi ndogo za nyumbani ziko hapo 85, 86. Honi iliyotengenezwa vizuri na koni nyepesi inafika 95. Mtu ataona tofauti ya 9 ni kidogo, lakini kila desibeli 3 ni wati mara mbili, kwa hivyo 3, 6, 9, ni mara mbili ya mara mbili ya mara mbili, hiyo ni mara nane. Kile jirani anafanya na wati 40 wewe unafanya na 5. Kwa mtu wa stima mjini labda si hoja sana, lakini kwa mtu ako ndani kabisa Siaya na paneli moja na betri ya volti 12, hapo ndio utajua kama utasikiza redio mpaka usiku ama utazima saa mbili uhifadhi chaji ya taa.

Sasa hiyo sauti ya ziada inatoka wapi, kwa sababu honi yenyewe haina umeme, ni mbao tu? Koni ya spika inasukuma hewa na hewa ni laini mno, inakimbilia pembeni badala ya kusukumika, kwa hivyo karibu nguvu yote inaishia kuwa joto kwa koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni. Spika ya desibeli 86 haigeuzi hata asilimia moja ya umeme kuwa sauti, niamini. Honi inafungia hewa kwa njia nyembamba isipate pa kukimbilia halafu inaipanua polepole mpaka ifike saizi ya chumba. Wewe mwenyewe ukimwita mtu ng'ambo ya shamba unaweka viganja mdomoni, si ndio? Fizikia ni hiyo hiyo. Na si mambo mapya, gramafoni za zamani zilijaza sebule bila umeme hata kidogo, ni sindano na honi, na Mwingereza mmoja anaitwa Paul Voigt alikuwa anachora honi za spika tangu miaka ya 1920, halafu Marekani Paul Klipsch akakunja honi ya besi akaisukuma kwa kona ya nyumba miaka ya 1940. Hiyo kona shikeni, tutairudia.

Haya, tujenge. Chukua honi ya nyuma, yaani mbele ya koni inakutazama wewe na mgongo wa koni ndio unalisha njia iliyokunjwa ndani ya boksi. Tuseme tunataka honi ishike kuanzia hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Kwa joto letu la hapa sauti inatembea karibu mita 345 kwa sekunde, na kwa honi inayopanuka kwa kujizidisha, eneo la njia lazima liwe maradufu kila baada ya sentimita 38. Ukitaka hezi 40 hiyo 38 inakuwa ndefu zaidi, ukitaka 80 inakuwa fupi. Spika ya inchi sita na nusu tunaianzishia koo, yaani mwanzo mwembamba wa njia, la sentimita mraba 80. Fanya upana wa ndani wa boksi uwe sentimita 32 kila mahali, usiubadilishe, ucheze na kimo cha njia peke yake: mwanzo 2.5, ukifika sentimita 38 ni 5, kwa 76 ni 10, kwa 114 ni 20, kwa 152 ni 40, na kwa 190 ni 80. Basi. Fundi wa viti anaweza kata hiyo bila kujua logi ni nini. Kati ya hizo pointi weka ubao ulionyooka, tofauti na mchoro wa kweli ni ndogo hutaisikia, na mahali pa kukunja pima kwa mstari wa katikati ya njia, usifuate ukuta, hapo ndio watu hupotezea sentimita kumi hivi hivi.

Eeh, mzee pale anasema mdomo, pale njia inaishia, wa 32 kwa 80 ni mkubwa. Mzee wangu, kwa hesabu hata ni mdogo! Mdomo wa kweli wa hezi 50 kwa uwanja wazi unafaa uwe na mzingo sawa na urefu wa wimbi, karibu mita 7, hiyo ni mlango wa gereji. Ukiweka sakafuni unahitaji nusu ya eneo la mdomo huo, ukisukuma kwa ukuta robo, kwa kona sehemu moja ya nane, kwa sababu kuta zinaendeleza kazi ya honi bure. Hata kwa kona bado tumepungukiwa karibu nusu, na utasikia besi ikipanda na kushuka kidogo ukicheza noti moja moja. Mimi nakubali hiyo hasara. Mtu akikuambia honi yake ni saizi ya kabati ya viatu na inashuka hezi 30, mwachie chai yake umalizie yako uende.

Plaiwudi ya milimita 18, gundi nyeupe ya mbao, skrubu, silikoni kwa viungo. Chipbodi inanyonya maji msimu wa mvua inafura, achana nayo. Spika zenyewe tafuta za redio kubwa za zamani, koni ya karatasi na ukingo wa karatasi iliyokunjwa, sumaku kubwa. Ile ya wufa yenye koni nzito na mpira mnene pembeni haifai, honi haiwezi kuamsha koni nzito ipige sauti ya juu. Kabla hujalipa, weka vidole viwili pande mbili za katikati, sukuma pole pole sawasawa, sikio karibu. Ikikwaruza hata kidogo, rudisha. Halafu maltimita, spika ya ohm 8 inasoma 6 hivi ama 7, ikisoma 2 ama haisomi chochote koili imeenda.

Kutuni ndio watu hupenda kuruka, na ndio nusu ya kazi. Kwanza uvujaji. Pakua programu ya simu ya kutoa toni, chezesha hezi 60 sauti ya wastani, washa dawa ya mbu ile ya kuzunguka, pitisha moshi pole pole kwa kila kiungo na kuzunguka spika yenyewe. Moshi unapanda umenyooka, ukifika mahali panavuja unatetemeka unakatika katika. Weka alama ya chaki, zima, tia silikoni, rudia. Ni ajabu vile boksi inaonekana imefungwa kabisa na moshi unakataa.

Pili, chumba kidogo nyuma ya koni kabla ya koo. Hicho ndio kinachuja. Lita 3 na koo letu la 80, honi inaacha kupitisha sauti kutoka karibu hezi 150 kwenda juu, na tunataka hivyo, kwa sababu sauti ya mgongo ikitembea sentimita 190 inatokea imechelewa, kwa hezi 90 inaongezea ile ya mbele lakini kwa 180 inaikata. Hapo kwa 180 ndipo gita la besi la benga linaongea, lile la kukimbia kimbia nyuma ya mwimbaji, kwa hivyo ukisikia besi imekuwa na shimo na mwimbaji amekuwa mwembamba, sababu ndiyo hiyo. Ongeza sufi, ile ya mto, kiganja kimoja kimoja ndani ya chumba na kwa mkunjo wa kwanza, sikiza, ongeza. Ukizidisha besi inakufa, toa kidogo. Hakuna namba hapa, ni masikio na subira, na utumie rekodi moja unayoijua sana, sauti ya mtu anaongea ni bora kuliko muziki.

Tatu, ukali. Hizi koni moja hupiga kelele hapo juu ya hezi elfu mbili, tarumbeta inakuchoma. Kwanza geuza boksi kidogo isikutazame machoni. Ikikataa, zungusha koili ya milihenri 0.4 kwa waya wa shaba wa transfoma iliyokufa, iunganishe sambamba na rezista ya ohm 6, hiyo jozi iwe kwa njia moja na spika, yaani umeme upite kwa jozi ndio ufike spika, inashusha karibu desibeli 5 kuanzia pale inapouma kwenda juu. Wapo watu husema hiyo ni dhambi. Wacha waumie masikio.

Swali? ... Nakuru, kule juu, vipimo vinabadilika? Hapana dada, mwendo wa sauti unafuata joto, si mwinuko. Nakuru ni baridi kuliko hapa kwa hivyo tofauti ni asilimia moja mbili, kata vile vile.

Na wewe, kijana wa kofia... kama inaweza piga matanga? Hapana. Nje hakuna kona, nusu ya honi yako ilikuwa ni ukuta wa nyumba na umeuacha nyumbani. Alafu chini ya hezi 50 honi haishiki koni tena, inapepea tu bila kitu cha kuizuia, na dijei wa matanga anapenda hapo chini sana, itatoka koili kabla ya saa sita usiku. Kodi mashine ya kazi hiyo.