Kitenzi cha Pingu: "impeach" kutoka mguuni hadi Ikulu

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya lugha ya sheria mbele ya wakalimani na wanafunzi wa tafsiri. Lugha ya sheria ni pana mno kwa jioni moja, kwa hiyo nimechukua kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, impeach, na nitakifuatilia tangu kinazaliwa mpaka kilipotufikia sisi.

Tarehe 8 Oktoba 2024 Bunge la Kitaifa la Kenya lilipiga kura kuhusu Naibu Rais Rigathi Gachagua. Wabunge 281 waliunga mkono hoja ya kumshtaki, 44 wakaipinga. Aliyetangaza kwa Kiingereza usiku ule kwamba Naibu Rais amekuwa impeached alisema kweli. Aliyetangaza kwa Kiswahili kwamba amebanduliwa alikuwa amewahi, maana kulipokucha Gachagua alikuwa bado Naibu Rais. Aliendelea kuwa Naibu Rais hadi usiku wa tarehe 17, Seneti ilipoona kwamba mashtaka 5 kati ya 11 yamethibitika. Hapo ndipo alipoondoka. Siku tisa nzima zilipita kati ya kitenzi cha Kiingereza na kitenzi cha Kiswahili, na wote wawili walidhani wanazungumzia jambo lile lile.

Nitakayoyasema leo yanatokana na siku hizo tisa. Kitenzi hiki kimebeba maana tatu kuu katika maisha yake: kukwamisha, kushtaki, na kuondoa. Kila ilipoingia mpya, ya zamani haikutoka. Ndiyo sababu watu wawili wenye akili timamu wanaweza kubishana juu yake mpaka usiku wa manane, kila mmoja ameshika maana ya karne yake.

Tuanzie mguuni. Kilatini kina neno pes, mguu. Kutokana na mguu wakapata pedica: pingu ya miguu, au tanzi la kumnasia mnyama. Kilatini cha baadaye kikaunda kitenzi impedicare, kumtia mtu pinguni, kumnasa asiweze kwenda. Wafaransa wa kale wakakilainisha kikawa empeechier, na hadi leo Mfaransa akisema empêcher ana maana ya kuzuia. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda waliosoma Kifaransa wanakitumia kila siku bila kufikiria bunge wala rais: mvua imenizuia kuja.

Kikavuka bahari kwenda Uingereza pamoja na watawala wa Kinormani, na katika karne ya 14 kikaanza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza kwa maana hiyo hiyo ya kuzuia. Kumbukeni kwamba sheria ya Uingereza wakati huo ilizungumzwa kwa Kifaransa na kuandikwa kwa Kilatini. Mwaka 1362 ilipitishwa sheria kwamba kesi ziendeshwe kwa Kiingereza, na sheria yenyewe ikaandikwa kwa Kifaransa. Nawaachieni hilo mlicheke wenyewe.

Ilikuwaje basi neno la kuzuia likawa neno la kushtaki? Hapa kuna mchanganyiko ambao wanaisimu wengi wanaukubali. Kilatini kilikuwa na kitenzi kingine, impetere, kumvamia mtu, kumshambulia. Na makarani wa Uingereza walikitumia kwa maana ya kumshtaki. Impetere na impedicare hawana undugu wowote. Lakini yalifanana masikioni, na karani aliyekuwa akirukaruka kati ya lugha tatu kwa siku moja alihitaji neno la Kifaransa la kutafsiria impetere. Akachukua lililokuwa karibu. Pingu ikapewa kazi ya rungu.

Ushahidi mzuri wa mchanganyiko huo umebaki katika sheria ya ardhi, mahali ambapo watu wa siasa hawafiki. Mwingereza akimwachia mjane wake shamba alitumie maisha yake tu, mjane huyo hana ruhusa ya kuliharibu, kwa mfano kukata miti mikubwa ya mbao, kwa sababu warithi wanasubiri. Akikata, anaweza kudaiwa. Ila mwenye mali anaweza kuandika kwamba anampa shamba "without impeachment of waste", yaani hata akikata, hatadaiwa. Kilatini cha kifungu hicho ni absque impetitione vasti. Mnaona? Kwa Kilatini ni impetitio, uvamizi, dai. Kwa Kiingereza ikageuka impeachment, mtoto wa pingu. Maneno hayo yameandikwa katika hati za ardhi kwa mamia ya miaka, na ndani yake hakuna rais hata mmoja.

Sasa twende bungeni. Mwaka 1376 mfalme Edward III amezeeka, vita na Ufaransa vinakula fedha, na waliomzunguka wanajineemesha. Wabunge wa Commons, yaani watu wasio mabwana, wanakataa kutoa kodi mpya mpaka wasikilizwe. Msemaji wao ni Peter de la Mare, ambaye wanahistoria wengi humhesabu kuwa Spika wa kwanza. Wanamtaja waziwazi William Latimer, mtu wa ndani kabisa wa nyumba ya mfalme, na Richard Lyons, mfanyabiashara wa London, kwamba wamekula fedha za nchi. Mabwana wa Lords wanasikiliza na kuwatia hatiani. Kumbukumbu ya bunge hilo, kwa Kifaransa cha kisheria, inakiandika kitenzi chetu bega kwa bega na kile cha kushtaki, kana kwamba karani hakuamini kwamba kimoja kingetosha.

Kilichokuwa kipya ni mlalamikaji. Kabla ya hapo aliyeshtaki alikuwa mfalme, au mtu binafsi aliyedhulumiwa. Hapa wameshtaki Commons wote kwa sauti moja, na Lords wakahukumu. Mashtaka juu ya mkubwa ambaye hakuna raia mmoja angethubutu kumfikisha popote. De la Mare mwenyewe alilipa: upepo ulipogeuka, John of Gaunt, mwana wa mfalme, alimtia gerezani na hukumu zikatenguliwa.

Kitenzi kikapata sura yake. Kilitumika dhidi ya Michael de la Pole, Chansela wa mfalme, mwaka 1386. Kisha kikalala kuanzia katikati ya karne ya 15 hadi 1621, kwa sababu wafalme wa ukoo wa Tudor walikuwa na njia za mkato zaidi za kumaliza watu. Mwaka huo wa 1621 kilimwamkia Francis Bacon, mwanafalsafa na Chansela, aliyekiri kupokea rushwa. Alitozwa faini ya pauni 40,000, akapelekwa katika ngome ya Tower kwa siku chache, na hakushika tena cheo.

Katika karne hizo za kulala kwa kesi, kitenzi hakikulala mtaani. Shakespeare anakitumia bila bunge lolote. Katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuitoa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, Salerio anasimulia jinsi Shylock anavyomsumbua mtawala usiku na mchana: akinyimwa haki yake, basi uhuru wa dola ya Venisi umekuwa impeached. Hapo hakuna anayeshtakiwa mahakamani. Maana yake ni kutiwa doa, kutiliwa shaka. Kwingine Demetrius anamwambia Helena kwamba kwa kuondoka mjini na kumfuata mwanamume asiyempenda, anaitia doa staha yake. Kitenzi ni hicho hicho. Na kuna mdogo wake, appeach, ambaye alikatwa kichwa akawa peach. Falstaff anatishia kwamba akikamatwa ata-peach, yaani atawachongea wenzake. Kitenzi cha kuwashtaki mawaziri, upande wa pili wa familia, kikawa cha wezi wanaochomana.

Maana hiyo ya kutia doa ndiyo iliyotufikia sisi Afrika Mashariki kwanza, miongo mingi kabla ya ile ya marais. Ilikuja kupitia Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, ambayo Waingereza waliitumia huku pia. Kifungu chake cha 155 kilieleza namna ya ku-impeach shahidi: kuonyesha kwamba haaminiki, kwamba amehongwa, kwamba aliwahi kusema kinyume na anayosema leo. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inalo jambo hilo katika kifungu cha 163, na Tanzania nayo ililirithi katika sheria yake ya 1967. Wakalimani wa mahakama mlioko hapa, hiyo ndiyo impeach mtakayokutana nayo Jumatatu asubuhi, na ole wenu mkisema wakili anataka kumng'oa shahidi.

Turudi Westminster, kwenye Bunge la Uingereza. Kesi iliyokipa kitenzi hiki jukwaa kubwa kuliko zote ni ya Warren Hastings, Gavana Mkuu wa kwanza wa Bengal. Ilifunguliwa Februari 1788, na mbunge Edmund Burke alizungumza kwa siku kadhaa akifungua mashtaka. Alipofika kilele alisema, tena na tena, I impeach: kwa jina la Commons wa Uingereza, kwa jina la watu wa India ambao sheria zao zimepinduliwa. Kitenzi hiki kikisemwa na mtu mwenye mamlaka ya kukisema, kitendo kimeshafanyika. Kama hakimu anaposema "nakuhukumu". Haihitajiki kura nyingine ili mtu awe ameshtakiwa. Kuhukumiwa ndiko kulikobaki, na kwa Hastings kulichukua miaka saba: Aprili 1795 aliachiwa huru. Uingereza ilijaribu mara moja tena, kwa Henry Dundas, Lord Melville, mwaka 1806. Naye aliachiwa, na tangu hapo silaha hiyo imebaki ukutani.

Lakini mashtaka ya Hastings yalipokuwa yanaandaliwa, watu wengine walikuwa wamekaa Philadelphia wakiandika katiba ya Marekani. Tarehe 8 Septemba 1787 George Mason alilalamika kwamba kumshtaki rais kwa uhaini na rushwa peke yake hakutoshi. Alimtaja Hastings kwa jina: huyo hana kosa la uhaini. Akapendekeza waongeze "utawala mbovu". James Madison akakataa: neno lisilo na mipaka kama hilo litamfanya rais akae kwa hisani ya Seneti. Mason akabadilisha, akaweka maneno ambayo Wamarekani wanayagombania hadi leo, "high crimes and misdemeanors", makosa makubwa na maovu ya madaraka, maneno aliyoyaokota kutoka katika kesi za kale za Uingereza.

Nawaombeni mkae na mabishano yale kidogo, kwa sababu ndipo penye kosa letu kubwa la tafsiri. Alichokikataa Madison ndicho tunachokiita kura ya kutokuwa na imani. Kura hiyo haihitaji kosa; inatosha kwamba tumekuchoka. Katiba ya Tanzania inaitenga vizuri: kwa Waziri Mkuu, ibara ya 53A, ni kutokuwa na imani, kwa Rais, ibara ya 46A, Bunge laweza kumshtaki. Mtangazaji anayesema rais wa Marekani amepigiwa kura ya kutokuwa na imani amekifuta kipengele kile kile ambacho Madison alikipigania.

Wamarekani pia walikipunguza makali. Uingereza, aliyeshindwa kesi hii aliweza kupoteza hata kichwa. Marekani anapoteza kiti, na pengine haki ya kushika kingine. Mengine ni ya mahakama za kawaida. Kwa kuwa adhabu ikawa kiti, watu wa kawaida wakaanza kusikia kitenzi kwa maana ya kiti. Ukimuuliza mtu mtaani, hata kule kwao, atakwambia Nixon alikuwa impeached na Clinton hakuwa. Ni kinyume chake. Nixon alijiuzulu tarehe 9 Agosti 1974 kabla Baraza la Wawakilishi halijapiga kura. Clinton alishtakiwa Desemba 1998, akaachiwa Februari 1999. Andrew Johnson aliponea kura moja mwaka 1868: 35 kwa 19, zilihitajika 36. Trump alishtakiwa mara mbili, akaachiwa mara mbili. Hakuna rais wa Marekani aliyewahi kuondolewa kwa njia hii. Walioondolewa na Seneti ni wanane, wote majaji. Mmoja wao, mwaka 1989, aliitwa Nixon. Walter Nixon, jaji. Kwa hiyo yule wa mtaani ana bahati: yupo Nixon aliyeng'olewa, ila si yule.

Kenya ya 2010 ilipokiingiza kitenzi katika katiba yake, kichwa cha ibara ya 145 kiliandikwa "Removal of President by impeachment". Angalieni mpangilio: kuondoa ni lengo, impeachment ni njia. Ndani ya ibara hatua mbili zipo, Bunge la Kitaifa linashtaki, Seneti inasikiliza. Lakini kichwa kimeshamtajia msomaji mwisho wa hadithi. Wawakilishi wadi wa Meru walimshtaki gavana wao, Kawira Mwangaza, mwaka 2022 na tena 2023, na mara zote mbili Seneti ikamrudisha. Mara ya tatu, Agosti 2024, ikakubali. Ukitumia "kubandua" kwa mara zote tatu, itabidi ueleze mtu anabanduliwaje huku amekaa ofisini.

Katika hili mimi niko upande wa waliotafsiri ibara ya 46A. "Kumshtaki" ni neno kavu, halivutii kwenye kichwa cha habari, lakini linalinda hatua ya katikati, pale mtu anaposikilizwa. Baada ya kura ya kwanza, semeni ameshtakiwa na Bunge. "Kung'oa" na "kubandua" ziwekeni akiba mpaka Seneti imalize kazi, au, kwa Tanzania, mpaka kamati inayoongozwa na Jaji Mkuu imechunguza na theluthi mbili ya wabunge imepitisha. Kwa shahidi, semeni kumtia dosari. Kwa shamba la mjane, semeni bila kudaiwa uharibifu. Ni vitenzi vinne kwa kimoja, najua, na wanaolipwa kwa neno wameshaanza kutabasamu.

Haya, maswali. Nianze na wakalimani kule nyuma, maana nimewaona wakinong'onezana tangu nilipomtaja yule Nixon wa pili.