Altezza Kongwe, Mauntingi Mpya: Raba, Poli au Alumini?

SALMA: Asalaam alaykum wasikilizaji wetu wa Unguja na Pemba, na mlioko ng'ambo. Ami Haji, leo nimekuletea mgonjwa. Kijana wa Chake Chake ana Toyota Altezza RS200, gia ya mkono. Akikanyaga mafuta, mkono wa gia unaruka. Akisimama, usukani unamtetemesha mpaka kwenye viwiko. Fundi wake kasema mauntingi za injini, yaani vile vishikio vinavyoiketisha kwenye bodi, zimekufa, na dukani kapewa chaguo tatu: raba orijino, poliyurethani (ile plastiki ngumu kama raba, wenyewe wanaiita poli), na alumini tupu. Yeye anaitaka ya alumini.

HAJI: Wa alaykum salaam. Anaitakia nini?

SALMA: Ati kwa sababu ni gari ya spoti.

HAJI: Haya. Spoti ni spoti kweli, ile gari Wajapani waliipa tuzo ya gari bora la mwaka ilipotoka 1998. Lakini wao wenyewe waliofanya hiyo spoti walitia raba. Hawakuwa wamesahau alumini.

SALMA: Labda walitaka kumfurahisha mzee anayekwenda nayo kazini.

HAJI: Ndiyo, na huyo mzee ndiye wewe, mwanangu! Gari hii inakwenda sokoni, inakwenda shamba, inapeleka watoto chuoni. Tuanze hapo. Mauntingi ina kazi mbili zinazogombana. Ya kwanza kuishika injini isijipindue ukikanyaga mafuta. Ya pili kuuzuia mtetemo usiingie kwenye bodi. Ukiifanya ngumu, ya kwanza inakuwa nzuri na ya pili inaharibika. Hakuna mauntingi inayokupa zote mbili kwa ukamilifu, hata ikiwa na bei gani.

SALMA: Sasa ya alumini inaharibu kiasi gani?

HAJI: Ile haina raba kabisa. Bodi na injini vinakuwa kitu kimoja. Kila kinachotokea ndani ya silinda unakisikia kitini, kioo cha nyuma kinatetemeka huoni kitu, na nati za dashibodi zinaanza kulegea. Na RS200 ni silinda nne, hapo ndipo pabaya. Silinda nne inapiga mara mbili kila mzunguko mmoja. Kwenye sailensi, yaani injini inanguruma bila kukanyaga mafuta, mizunguko 750 kwa dakika, hiyo ni mapigo 25 kwa sekunde. Mtetemo wa polepole namna hiyo ndio mwili unaosikia zaidi, na ndio mgumu kuuzuia.

SALMA: Na ile Altezza nyingine, AS200? Maana huku mtaani AS ndizo nyingi.

HAJI: AS200 ina injini ya 1G, silinda sita kwenye mstari. Injini ya namna hiyo imejisawazisha yenyewe kwa umbile lake, na inapiga mara tatu kwa mzunguko. Mwenye AS akitia poli ataivumilia. Mwenye RS akitia poli ileile, ugumu uleule, ataniletea gari baada ya mwezi anasema "ami, injini inakufa". Injini nzima kabisa!

SALMA: Kwa hiyo anayekwambia "mimi nimetia poli na haina shida", muulize kwanza injini gani.

HAJI: Na gari gani. Nikwambie jambo ambalo hata mafundi wengine hawalifikirii. Chukua Toyota Celica, injini imekaa kwa upana wa gari, inavuta magurudumu ya mbele. Gia boksi na difu, ile gia ya mwisho inayozungusha magurudumu, vyote viko kwenye furushi moja. Tuseme gia ya kwanza inazidisha nguvu mara tatu, difu mara nne. Mauntingi za Celica zinapambana na nguvu ya injini mara kumi na mbili. Altezza injini imekaa kwa urefu wa gari, difu iko nyuma mbali, ina raba zake. Mauntingi za mbele zinapambana na ile mara tatu tu.

SALMA: Ah! Kwa hiyo Celica ndiyo inayohitaji ugumu.

HAJI: Celica ina hoja. Na hata huko, mtu mwenye akili anakaza ile inayozuia injini kupinduka mbele na nyuma, zinazobeba uzito anaziacha laini. Altezza ya barabarani, raba mpya inatosha. Watu wanalinganisha poli mpya na raba ya miaka ishirini na zaidi iliyokwisha kulowa oili, halafu wanasema poli ni bora. Hata mpira wa ndala mpya ungeishinda hiyo.

SALMA: (anacheka) Umetaja oili.

HAJI: Raba ya asili haipendi oili. Kava ya valvu ikivuja, oili inateremka, raba inavimba, inakuwa kama uji. Ukibadilisha mauntingi bila kuziba uvujaji, umetupa pesa. Hapa poli nitaisifu: oili inaivumilia kuliko raba. Lakini zinatofautiana ugumu, kwenye kipimo cha Shore A utaona 70, 80, 95. Asiyejua namba ya anachonunua asinunue.

SALMA: Wengine wanaacha raba mbele, wanatia ngumu kwenye gia boksi peke yake.

HAJI: Poli laini pale nyuma, sawa, inasaidia mkono wa gia utulie. Chuma tupu, hapana. Injini mbele inacheza, nyuma imefungwa kabisa, basi mvutano wote unaishia kwenye mkia wa gia boksi, na ile ni alumini ya kumimina. Ikipasuka, nani atakuuzia gia boksi ya spidi sita kwa bei ya mauntingi?

SALMA: Na mtumba wa Japani?

HAJI: Injini ya mtumba, gia boksi ya mtumba, nitakununulia mwenyewe. Raba ya mtumba siitaki. Imezaliwa mwaka mmoja na yako. Inaweza kupakwa nyeusi ikang'aa, ukiibinya kwa bisibisi unaona nyufa.

SALMA: Kabla hajatuma pesa Kariakoo, atahakikisha vipi kuwa ni mauntingi kweli?

HAJI: Afungue boneti, handibreki juu, mtu akanyage breki ya mguu kwa nguvu. Atie gia ya kwanza, aachie klachi kidogo mpaka gari itake kwenda. Halafu gia ya nyuma vivyo hivyo. Wewe unatazama kutoka ubavuni, usisimame mbele, tafadhali. Injini ikinyanyuka upande mmoja na kurudi kwa kishindo, ndiyo hiyo. Isiponyanyuka, aangalie plagi na koili kwanza kwa ule mtetemo, na senta beringi ya shafti kwa ule mruko wa mkono wa gia. Pemba kule na vilima vyake, klachi na shafti vinachoka mapema.

SALMA: Kufunga?

HAJI: Jeki chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kipande cha ubao kipana, si jeki tupu. Abadilishe zote mbili za mbele na ya gia boksi kwa pamoja, kwa sababu mpya ikikaa na iliyokufa, mpya inabeba mzigo wa wawili. Nati asizikaze mwisho injini ikiwa bado kwenye jeki. Ashushe, awashe, aiache icheze kidogo ijitafutie mahali pake, ndipo akaze. Ukiikaza ikiwa imening'inia, raba inabaki imejipinda na mtetemo unabaki vilevile, halafu duka linatukanwa. Na bolti za zamani, kwa chumvi hii ya bahari yetu, azimwagie oili ya kulegeza usiku wa kuamkia kazi. Bolti ikikatikia ndani ya bloku, hiyo ni siku nyingine nzima.

SALMA: Akiagiza aandike nini?

HAJI: Namba ya chasi nzima, inayoanza na SXE10. Ya AS ni GXE10, na mauntingi zake hazikai kwenye RS. Asiseme tu "nataka za Altezza", muuzaji atampa alizonazo.