Dawa Lengwa za Saratani ya Kichwa na Shingo Huanzia Kwenye Chupa ya Fomalini

Mwenyekiti wa mkutano ameniomba nizungumzie jeni na dawa lengwa, yaani dawa zinazolenga protini au jeni mahususi ya saratani. Nitafika huko, lakini naanza na chupa ya fomalini, dawa ya kuhifadhi vipande vya mwili visioze, na waliokwisha kunisikia wanivumilie.

Kipande cha uvimbe kikiletwa Nairobi kutoka Garissa ndani ya maji ya chumvi, kinafika kimeanza kuoza. Hakuna mashine ya kukifufua. Wengine huchanganya fomalini kali na maji ya bomba, wakaandika "asilimia 10" na kwenda zao. Fomalini hiyo hugeuka asidi, huacha madoa meusi kwenye slaidi na kuikatakata DNA. Kwa lita moja, weka mililita 100 za fomalini kali, mililita 900 za maji ya maabara yaliyokenekwa (distilled), gramu 4 za sodiamu daihaidrojeni fosfeti na gramu 6.5 za daisodiamu haidrojeni fosfeti. Basi! Fomalini iwe mara kumi ya ujazo wa kipande, na kipande kinene kipasuliwe kwanza. Kikae humo saa 6 hadi 72. Ukikata bayopsi, yaani kipande cha kupima, Ijumaa saa kumi na moja jioni, Jumatatu saa tatu asubuhi ni saa 64 tayari, na gari la vifurushi halijaondoka. Mfupa wa taya nao usiulainishe kwa asidi ya naitriki kabla hujatenga kipande laini cha uvimbe.

Namsikia anayenong'ona pale nyuma: "Daktari, dawa zenyewe hazinunuliki, vipimo vya nini?"

Vya p16, bwana, protini ya ndani ya seli inayotuonyesha saratani iliyoletwa na virusi vya HPV. Kipimo chake ni rangi ya kingamwili tu, haihitaji mashine ya kusoma jeni. Protini ya E7 ya HPV huishika Rb, protini ya mwili inayozuia seli kugawanyika ovyo, na p16 ikapanda. E6, protini nyingine ya virusi hivyo, huipeleka p53, mlinzi mwingine wa seli, kuvunjwavunjwa. Kwa mvutaji sigara, TP53, jeni inayotengeneza p53, yenyewe kwa kawaida imeharibika, na jeni ya p16 mara nyingi imepotea. Chanya ni pale asilimia 70 ya seli za uvimbe au zaidi zimeshika rangi vizuri, kwenye kiini na nje ya kiini. "Chanya kidogo" msiniandikie. Tena kipimo hiki ni kwa uvimbe wa tonsili na mzizi wa ulimi. Kwa uvimbe wa nyuma ya pua tafuteni virusi vingine, EBV.

Sasa gharama. Mwaka 2018 majaribio mawili, RTOG 1016 na De-ESCALaTE, yalilinganisha setuksimabu, dawa lengwa, na sisplatini, dawa ya kemikali ya kawaida, zote pamoja na mionzi, kwa wagonjwa wenye saratani ya koo iliyoletwa na HPV. Waliopewa setuksimabu, dawa ghali, ndio waliokufa zaidi. Kwa hiyo familia isiuze shamba kwa sababu tu dawa inaitwa lengwa. Sisplatini tunayo, kinachoizuia ni figo au masikio ya mgonjwa yakiwa na matatizo.

EGFR, protini inayolengwa na setuksimabu, imejaa karibu kwenye uvimbe wote wa aina hii, kwa hiyo kuipima hakukuchagulii mgonjwa wa kumpa dawa. Jeni ya KRAS hapa hubadilika kwa nadra, msiige vipimo vya saratani ya utumbo mpana. Jeni za HRAS na PIK3CA naziruka, mwenyekiti ananionyesha saa.

La mwisho, kwa ugonjwa usioponyeka. Mumbai waliongeza nivolumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili, miligramu 20 kila wiki tatu juu ya vidonge vya methotreksati, selekoksibu na erlotinibu. Waliokuwa hai baada ya mwaka walipanda kutoka asilimia 16.3 hadi 43.4. Miligramu 20 ni mililita 2. Kichupa cha miligramu 40 kinatosha wagonjwa wawili, mradi muwapange siku moja.