Koroboi, chemli na karabai: hewa, joto na mwanga

Ndugu zangu, tuanze na koroboi: kopo, utambi wa pamba, mafuta ya taa. Mwanga wake wa manjano hutokana na chembe za masizi zinazong'aa kwa joto ndani ya moto. Hewa haitoshi kuziunguza zote. Zinazoponyoka ndizo zinazopaka dari. Kwa hiyo ukizidisha utambi, unaongeza moshi tu.

Katika miaka ya 1780 Mswisi Aimé Argand alitibu shida hiyo ya hewa kwa utambi wa mviringo wenye uwazi katikati na bomba la kioo. Hewa ya moto ikipanda, huvuta nyingine iingie kutoka chini. Chemli nayo huishi kwa mvuto huo. Vile vibomba vyake vya pembeni, ambavyo wengi hudhani ni vya kushikia, ni njia za hewa.

Karabai, taa ya mafuta yanayosukumwa kwa pampu, ni habari nyingine, na kwa watu wa dagaa wa Ziwa Victoria, kuanzia Ukerewe hadi Mwaloni Kirumba, haihitaji utambulisho. Moto wake ni wa bluu, hautoi nuru ya maana. Kinachong'aa ni kile kimfuko cha uzi uliolowekwa madini, kinachofunika moto. Kikiwashwa mara ya kwanza, uzi huungua na kubaki majivu ya madini. Mchanganyiko wa madini uliofaulu, thoriamu 99 kwa seriamu 1 katika mia, ulipatikana 1891 kwa kazi ya Mwaustria Carl Auer von Welsbach. Majivu hayo ni mepesi kuvunjika, kwa hiyo beba kimfuko kipya safarini, na ukifunge kabla hakijaungua.

Tangi lijazwe robo tatu tu. Nafasi inayobaki ni ya hewa ya pampu. Washa spiriti kwenye kikombe chake, isubiri ikaribie kuisha, ndipo upige pampu. Ukiharakisha, mafuta hutoka yakiwa maji badala ya mvuke, na moto wa njano hulipuka hadi juu ya kofia. Toa hewa ya tangi, taa ipoe, anza upya.

Mwanga ukidunda, tundu la kutolea mvuke limeziba kwa kaboni: lizibue kwa sindano yake. Pampu isiposhika, ngozi yake imekauka: ipake mafuta. Kimfuko kikitoboka, zima mara moja, kwani ndimi za moto zitapasua kioo. Na petroli, hata kijiko kimoja, isiingie humo.

Siku hizi taa za LED zimeshika ziwa. Hazina kimfuko wala spiriti, ila betri ya risasi ikitumika kila usiku hadi iishe kabisa, hufa mapema. Mwezi mpevu, wavuvi wakipumzika, ichajiwe ijae ndipo ihifadhiwe.