Barabara moja tu, na mvua inakuja

KAKA: Haya karibuni wasikilizaji, leo tupo na barabara za vijijini huko milimani, zile ambazo njia ya kupanda ni moja na ya kushuka ni hiyohiyo. Mtu wa tambarare barabara ikiharibika anazunguka, anapita njia nyingine maisha yanaendelea, mlimani ukizunguka unaenda wapi, huku ukuta wa mlima huku korongo.

DADA: Na ikikatika imekatika kwa wote kaka. Mjamzito ambaye uchungu umeshaanza, mwanafunzi, mkulima mwenye mzigo uko kwenye magunia tayari, wote wamekwama siku moja.

KAKA: Sasa waulize watu wanataka nini, watakwambia lami.

DADA: Na siwalaumu, vumbi na matope wamevumilia sana. Ila hapo ndo mi nasimama kidogo, maana barabara ya mlimani inauliwa na maji kabla ya kitu kingine chochote. Ukiweka lami juu ya barabara isiyo na mitaro umeweka kifuniko tu, maji yanaingia kwa pembeni yanakula udongo chini kwa chini, wewe juu unaona nyeusi bado inang'aa, halafu siku lori linapita, inatitia.

KAKA: Waeleze maji yanapitaje, maana wengi tunaona shimo tu tunadhani limeletwa na magari.

DADA: Mvua ikinyesha maji ya mlima mzima yanashuka yanakutana na barabara imekata mbele yao. Yanatakiwa yaingie kwenye mtaro wa upande wa juu, yatembee nao mpaka kwenye karavati, yapite chini yatokee upande wa bonde. Sasa karavati ikizibwa na majani na mchanga, maji yanapanda yanavuka juu ya barabara, yakiangukia kule bondeni yanamega kingo, leo kidogo kesho kidogo, mpaka unakuta nusu ya barabara haipo. Na karavati ile ingezibuliwa na watu wawili wenye majembe, asubuhi moja.

KAKA: Na mgongo wa barabara?

DADA: Ee, barabara ya udongo katikati lazima ipande, kila mita moja ya upana ishuke kama sentimita 4 hadi 6 kwenda pembeni. Ikiwa bapa maji yanafuata alama za matairi yanateremka nazo, ile alama inakuwa mfereji, na kwenye mteremko mkali mvua chache tu tayari ni korongo.

KAKA: Hapo niongeze kitu kinaniumaga sana. Greda inakuja, inachonga vizuri watu wanafurahi, inaondoka imeacha tuta la udongo pembeni urefu wote wa barabara, na lile tuta linayafungia maji ndani! Hayana pa kutokea. Mvua ya kwanza kazi yote imeondoka, afu watu wanasema udongo wetu mbaya.

DADA: Dereva wa greda akitoboa lile tuta kila baada ya hatua kadhaa maji yatoke inatosha. Ila yatokee penye mawe au nyasi, si katikati ya shamba la mtu, ugomvi mwingi wa barabara unaanzia hapo, mtu anaziba mtaro usiku kwa sababu unamwagia shambani kwake, na ukimsikiliza ana haki.

KAKA: Twende kwenye magari sasa. Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 walijenga barabara za majaribio Illinois wakawa wanazungusha malori humo muda mrefu, wakaona uzito wa ekseli, ule mhimili unaobeba magurudumu, ukiwa mara mbili, uharibifu unakuwa kama mara 16. Kwahiyo lori moja la mbao au mawe lililojazwa kupita kiasi linafanya kazi mbaya ambayo pikipiki za kijiji kizima hazifanyi mwaka mzima. Na udongo ukiwa umelowa ndo kabisa.

DADA: Ndo maana Kameruni kuna vizuizi vya mvua kwenye barabara za udongo. Ikinyesha kizuizi kinashushwa, malori yanasubiri saa kadhaa pakauke. Mi naona hiyo kijiji chochote kinaweza kuifanya, gari la wagonjwa lipite, lori lisubiri.

KAKA: Na ile ya magari mawili kukutana penye wembamba, nani arudi nyuma?

DADA: Mkataba wa Vienna wa 1968, ule wa kimataifa wa usafiri wa barabarani, umesema, anayeshuka ndo ampishe anayepanda, isipokuwa kama anayepanda ana sehemu ya kupishania hapo karibu. Gari lenye mzigo likisimama kwenye mpando kuondoka tena ni shida, linaweza kurudi nyuma. Na anayeshuka aweke gia ndogo, jamani, asikanyage breki njia nzima, zikichemka hazishiki tena, na kona iko mbele.

KAKA: Kona zenyewe watu wanazilalamikia, mbona zinazunguka. Njia ya Stelvio kule Italia upande mmoja tu ina kona 48, ni kwa sababu gari linahitaji mteremko wa wastani. Watembea kwa miguu wanakata katikati, naelewa wamechoka, lakini ile njia ya mkato iliyonyooka ndo maji yanaipenda, inashusha kila kitu kwenye barabara ya chini.

DADA: Watengenezewe ngazi za mawe basi, maana wengi mlimani wanatembea kwa miguu, barabara ni yao pia. Kaka, mi kila nikiongelea haya namkumbuka Dashrath Manjhi wa Bihar, India. Mkewe alikufa, kufika hospitali ilikuwa lazima kuzunguka kilima. Akachukua nyundo na patasi akaanza kukata mwamba 1960, akamaliza 1982, njia ya mita kama 110.

KAKA: Miaka 22, peke yake.

DADA: Watu wanamsifia, na mimi namheshimu mno, ila inaniuma kwamba aliachwa miaka yote hiyo, barabara ya kwenda hospitali haikutakiwa imsubiri mjane mwenye patasi.

KAKA: Kweli kabisa dada. Sasa msikilizaji wa mlimani afanye nini wiki hii?

DADA: Mvua inyeshe, usikae ndani. Toka na mwavuli tembea barabara yenu yote, angalia maji yanavukia wapi, karavati ipi imeziba, piga picha wakati bado yanatiririka. Zile picha mpelekeeni injinia kabla greda haijaletwa, maana akija kiangazi ataona vumbi tu.