Kalenda ya kazi na kalenda ya masomo: maneno kwa wanaokwenda kusoma Aberystwyth

Wazazi, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Habari za viza, kipimo cha kifua kikuu na barua ya chuo mmeshaelezwa, na wengine fomu mnazo mkononi. Sizirudii. Mimi nina neno moja ambalo nimelisema mara nyingi na bado halijasikika: mtu asipande ndege kwenda kusoma Aberystwyth, mji mdogo wa pwani ya Wales huko Uingereza, huku kodi ya chumba chake ameitundika kwenye kazi ambayo hajaipata.

Chuo cha Aberystwyth sina ugomvi nacho. Kilifunguliwa 1872 katika jengo la ufukweni lililokuwa limejengwa liwe hoteli. Idara yake ya siasa za kimataifa, iliyoanzishwa 1919, ndiyo ya kwanza duniani. Kwenye kilima cha Penglais ipo Maktaba ya Taifa ya Wales, yenye haki kisheria ya kudai nakala ya kitabu chochote kinachochapishwa Uingereza. Anayekwenda kusoma, atasoma. Lakini reli inaishia pale. Mbele yako ni Ghuba ya Cardigan, nyuma yako vilima na kondoo, na mpaka mji wa Shrewsbury treni huchukua karibu saa mbili. Kazi ikikosekana mjini, hakuna mji wa jirani wa kwendea asubuhi ukarudi jioni.

Sasa nisikilizeni kwa makini hapa. Kazi za mji ule ni za msimu. Hoteli, migahawa, vioski vya aiskrimu na kambi za watalii huajiri watu majira ya joto, Juni hadi Agosti. Wewe unafika Septemba, watalii wameshaondoka. Oktoba baadhi ya biashara zinapunguza wafanyakazi, na wakati huohuo wanafunzi wote wa chuo, wa Wales kwa wa sehemu nyingine za Uingereza, nao wanatafuta kazi hizohizo za baa na dukani. Wana barua za mwajiri wa zamani, wanajulikana, na wengine wanazungumza Kiwelishi, ambacho kwenye kaunta za mji ule kina thamani. Wewe una wasifu unaosema umefanya kazi duka la shangazi Likoni. Utapata kazi? Pengine. Baada ya miezi miwili, mitatu, mitano. Kodi ya chumba haingoji miezi mitano.

Kuna atakayesema: "Basi nitavumilia, nikusanye majira ya joto." Wa shahada ya kwanza, sawa. Likizo yako ndefu ni likizo kweli, na unaruhusiwa kufanya kazi saa zote. Lakini wengi niwaonao hapa mnakwenda kusoma uzamili wa mwaka mmoja. Masomo ya darasani yakiisha mwezi Mei, mnaanza kuandika tasnifu mpaka Septemba, na kwa sheria za viza kipindi hicho kwa kawaida kinahesabiwa kuwa ni muhula. Muhula maana yake saa 20 kwa wiki, basi. Yaani msimu wa kazi unapofunguka, wewe mkono mmoja umefungwa. Hili ndilo ninalotaka mlishike. Na msiulizane kwenye makundi ya WhatsApp. Kiombe chuo kikuandikie barua ya tarehe za mihula ya kozi yako, hiyohiyo ndiyo mwajiri atakayoitaka.

Tupige hesabu. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara kwa mwenye miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Zidisha kwa 20: pauni 244.20 kwa wiki. Wiki nne: pauni 976.80. Serikali yenyewe ya Uingereza, tangu Novemba 2025, inataka mwanafunzi wa nje ya London aonyeshe pauni 1,171 za kujikimu kwa kila mwezi, hadi miezi 9, jumla pauni 10,539. Kwa hiyo hata ukiipata kazi siku ya kwanza, na ukapewa saa zote 20 bila kukosa wiki hata moja, bado hukufikia kiwango ambacho wao wanakiita cha kuishi tu. Ada hatujaigusa. Mshahara ukipanda senti kadhaa, jambo halibadiliki.

Najua mnayoyawaza. "Wiki hii nitafanya saa 24, wiki ijayo 16, wastani utakuwa 20." Hapana. Hakuna wastani. Kila wiki inahesabiwa peke yake, Jumatatu hadi Jumapili, na hiyo wiki ya 24 umeshavunja sharti la viza. Mwenye mgahawa akikuomba ukae zaidi Jumamosi kwa sababu wateja wamejaa, ni wewe utakayefutiwa viza. "Nitasuka nywele." "Nitapika sambusa niuze bwenini." "Nitapeleka chakula kwa baiskeli kupitia programu ya simu." Hizo zote ni kujiajiri, na viza ya mwanafunzi inakataza kujiajiri hata kwa saa moja. Dada anayesuka wenzake kwa pauni 30 anadhani anasaidiana, kumbe anafanya biashara isiyoruhusiwa, na matangazo yake yako mtandaoni kwa jina lake.

Na mzazi usinidharau nikisema habari ya michango. Ukoo umekaa, mjomba wa Muscat ameahidi, baba mdogo ameahidi. Vizuri. Ahadi isomeke benki kabla ya kuomba viza. Fedha zinatakiwa ziwe kwenye akaunti ya mwanafunzi au ya mzazi, si ya mjomba, na zikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Ya mzazi iambatane na cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Zikiwa kwa shilingi, zinabadilishwa kwa kiwango cha siku ya kutuma ombi, kwa hiyo acha nafasi juu yake. Ada ya afya, inayolipwa wakati wa kuomba viza, ni pauni 776 kwa mwaka, lakini uzamili wa mwaka mmoja viza yake huzidi mwaka, mnalipa 1,164 kwa pamoja. Watu wanatoa hela hiyo kwenye fungu lilelile la siku 28, salio linashuka, ombi linakataliwa. Tengeni mafungu mawili tangu mwanzo.

Mwingine ananiuliza: mbona usiwaambie waende London, kazi zipo? Huko serikali inataka waonyeshe pauni 1,529 kwa mwezi, na mshahara unaishia kwenye kodi na nauli. Aberystwyth utatembea kwa miguu karibu kila mahali. Nendeni huko. Ila nendeni na fedha ya mwaka mzima, na kazi ikija iwe ya nyongeza.

Muda unanibana, nyumba niipitie haraka. Mwaka wa kwanza chukua bweni la chuo, maana mwenye nyumba wa mtaani atataka mdhamini anayeishi Uingereza, na asipokuwapo atadai kodi ya miezi mingi mkononi. Ukipanga mtaani, tangu Septemba 2019 dalali wa Wales haruhusiwi kukutoza ada ya kutazama nyumba wala ya kuandika mkataba. Mkataba wa maandishi uupate ndani ya siku 14 za kuhamia, na amana yako isajiliwe ndani ya siku 30. Piga picha kila ukuta siku ya kwanza. Adui wa amana ni kuvu: nguo mbichi zinaanikwa juu ya hita, dirisha limefungwa kuzuia baridi, mvuke unakwenda kukaa nyuma ya kabati kwenye ukuta wa nje, na baada ya miezi miwili ukuta umekuwa mweusi. Sogeza kabati mbali na ukuta, fungua dirisha dakika kumi baada ya kupika au kuoga, nguo kausha kwenye mashine ya dobi.

Na ninyi mliokulia Nyali na Shelly Beach, bahari ile si hii. Mwisho wa baridi maji hayafiki nyuzi 10. Ukiingia ghafla unavuta pumzi bila kutaka, ukivutia chini ya maji ndiyo basi, hata uwe hodari wa kuogelea. Ukianguka, lala chali, uelee mpaka pumzi itulie, kisha uite. Aliye nchi kavu apige 999 aombe Coastguard, yaani waokoaji wa baharini. Siku za bamvua zikikutana na upepo wa magharibi, msitembee ukingoni kupiga picha. Januari 2014 mawimbi yalivunja njia ya ufukweni na wanafunzi wa mabweni ya pale wakahamishwa.

La treni nalo: ile inayotoka Birmingham hugawanyika kituo cha Machynlleth, nusu yake inakwenda Pwllheli, si Aberystwyth. Soma kibao cha behewa ulilokaa kabla hujasinzia na masanduku yako. Habari ya chakula na vipindi vya sala sikuifikia, niulizeni sasa.