Kwa nini "ship" na "sheep" zinatupiga chenga

Haya jamani tuanze, walio nyuma sogeeni mbele kidogo maana leo kazi ni ya masikio. Semeni kwa sauti "ship", meli. Sasa "sheep", kondoo. Mnaona, nimesikia neno moja mara mbili, na sio uzembe wa mtu, ndivyo sikio letu lilivyolelewa. Kiswahili kina irabu 5 basi, Kiingereza cha Uingereza kile cha kufundishia kina kama 20 ukihesabu na zile za kuunganika, sasa 20 ziingie kwenye vyumba 5 si lazima zibanane? Ndo maana "bad", "bud" na "bard" kwa wengi wetu zote zinatoka "bad".

Wengi tuliambiwa sheep inavutwa, ship inakatwa. Hiyo ni nusu tu ya ukweli na ndo inayotuangusha. Hebu shikeni mashavu hivi, semeni "i" ya "siku", midomo imetanuka, ulimi umepanda mbele karibu ya kaakaa, hapo mko kwenye sheep. Msikate sauti, legezeni midomo tu, ulimi ushuke kidogo na urudi nyuma kidogo, uelekee kwenye "e" lakini usifike... hapohapo! Hiyo ndo ya ship, ni sauti nyingine kabisa, ata uivute sekunde 3 haiwi sheep.

Urefu nao una kazi yake lakini mahali pengine. Chukua "back" na "bag", Kiswahili kilizipokea kikazipa irabu ya mwisho, beki na begi, huwezi kuzichanganya. Mwingereza hana hiyo "i" ya mwisho, na ile "g" yake ya mwishoni mara nyingi inafifia, kwa hiyo yeye anaivuta irabu ya bag kuliko ya back na sikio lake linategemea hapo. Ukitamka zote kwa urefu mmoja utamchanganya.

Maandishi yasiwababaishe, tahajia yao ilianza kuganda toka William Caxton alipopeleka mtambo wa kuchapa England mwaka 1476, midomo ikaendelea kubadilika.

Na tusijidharau jamani, hili naliamini sana. Mtu anayetamka "thamani" na "dhahabu" kila siku hana sababu ya kusema "sink" akitaka "think", sauti anayo tayari. "Singer" ina ng' ya ng'ombe, "finger" ina ng ya ngoma, mataifa mengi yanahangaika hapo sisi tunapita tu.

Mkazo je? Kiswahili kinakaza silabi ya pili toka mwisho karibu kila neno, kwa hiyo "record" tunaitamka kama nomino ata tukimaanisha kitendo, wakati kwenye kitendo mkazo unahamia mwishoni. Wala sio jambo geni, barabara ya magari na "amefanya barabara" herufi ni zilezile, mkazo tu umesogea, na hakuna hapa anayezichanganya.

Sasa geukieni wenzenu wawili wawili. Mmoja afunike mdomo na karatasi aseme ship au sheep, mwenzake asiangalie, anyooshe kidole 1 kama ni meli, 2 kama ni kondoo. Mara 10, halafu mnabadilishana. Napita kusikiliza.